Gari lina cheti, lakini umekisoma?

MWEZI uliopita mama mmoja alinifuata kwenye kibanda changu hapa soko la Kashikishi, bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani. Ameishi miaka kadhaa katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, na sasa familia yake imejiandikisha kurudi Pweto, kule kaskazini mwa Ziwa Mweru upande wa Congo. Wanawe wawili wanaofanya vibarua Ndola walikuwa wamemchangia fedha, naye akaongeza alizodunduliza kwa kuuza chisense, yaani dagaa wa ziwa letu. Alitaka kununua gari dogo.

"Baba," aliniambia, "muuzaji anasema gari hili lina cheti. Mimi nasoma Kiswahili, na Kifaransa kidogo. Nisomee hiki Kiingereza, uniambie kama gari ni zima."

Nikakisoma. Kilikuwa cheti cha ukaguzi kilichotolewa Japani kabla gari halijapakiwa melini. Kilikuwa na namba ya chesisi, tarehe ya ukaguzi, na idadi ya kilomita ambazo gari lilikuwa limetembea siku hiyo: 131,000 na ushei. Nikamwuliza kama alipiga picha ya dashibodi. Akatoa simu, akanionyesha. Dashibodi ilisema 96,000.

Ndugu msomaji, hebu tufanye hesabu ya darasa la tatu. Gari liliondoka Japani likiwa limetembea kilomita 131,000. Likavuka bahari, likashushwa bandarini, likaendeshwa nchi mbili hadi kwa muuzaji. Lilifikaje huko likiwa limetembea kilomita 96,000? Jibu ni moja tu: mita imerudishwa nyuma. Na ajabu ni kwamba aliyeirudisha hakujisumbua hata kuificha karatasi inayomsuta. Aliiweka pamoja na gari, akaitumia kama pambo la kuuzia, kwa sababu anatujua. Anajua kwamba sisi tukiona muhuri, tunaridhika.

Hilo ndilo linalonifanya nishike kalamu leo. Kwa maoni yangu, hatari kubwa kwa mtu mwenye fedha kidogo anayetafuta gari dogo la mitumba si kukosa cheti. Hatari ni kukipata cheti, kukishukuru, na kukifungia kabatini bila kukisoma.

Siandiki haya kwa sababu mimi ni mjanja. Naandika kwa sababu niliwahi kuliwa.

Novemba 2018 nilinunua kigari cha namna hiyo katika mji mmoja mkubwa ambao sitautaja, kutoka kwa muuzaji ambaye pia sitamtaja. Nililipa kwacha 48,000, akiba ya miaka minne ya kupeleka samaki Mansa na kurudi na chumvi, sabuni na vitenge. Mita ilisoma kilomita 79,000. Rangi ilikuwa inang'aa, viti vimefunikwa nailoni, na cheti kiko ndani ya droo ya mbele. Muuzaji alifungua droo, akakitikisa mbele yangu, akakirudisha. Nilitabasamu kama bwana harusi. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi kidonda sikukiona.

Januari 2019, nikiwa njiani kwenda Mansa, giaboksi ilikufa karibu na Mwense. Wanaoishi kando ya ziwa hili wanajua maana ya Januari. Kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi unafungwa ili samaki wazaliane. Ni sheria nzuri na siipingi, lakini katika miezi hiyo mfuko wa mfanyabiashara wa samaki huwa mwepesi. Gari likikufia wakati huo, huna pa kukimbilia isipokuwa kaloba, ile mikopo ya mtaani ambayo unachukua mia na kurudisha mia na nusu.

Fundi aliyelifungua gari lile alikuwa kijana mtaratibu. Kabla ya kugusa spana aliniuliza, "Mzee, karatasi ya Japani unayo?" Nikamwonyesha kwa majivuno. Akaisoma, akaniangalia kwa huruma. Kilomita siku ya ukaguzi: 142,000. Karatasi hiyo ilikuwa ndani ya droo tangu siku ya kwanza, inasema kweli, na mimi nilikuwa nimeiendesha huku na huko miezi miwili bila kuiuliza chochote.

Nilikopa kaloba kununua giaboksi iliyotumika. Mkopo ulikula mtaji, mtaji ukala meza yangu sokoni, na binti yangu alikosa muhula mzima wa shule. Gari niliuza mwaka huohuo kwa bei ya vyuma. Sasa mtu akiniambia kwamba kununua gari ni jambo la starehe lisilostahili ukurasa wa maoni, namjibu kwamba kwa watu wa mpakani gari ni mtaji, na mtaji ukipotea watoto ndio wanaolipa.

Tuanze basi na neno lenyewe. Huko Marekani na Ulaya, gari lililotumika lenye hati ya uthibitisho kwa kawaida ni gari ambalo muuzaji wa kampuni yenyewe amelikagua, akarekebisha mapungufu, na akalipa dhamana: likiharibika ndani ya muda fulani, yeye ndiye anayelitengeneza. Cheti tunachoonyeshwa sisi si hicho. Chetu ni cheti cha kufaa barabarani. Zambia inataka gari lililotumika likaguliwe kabla ya kusafirishwa, na cheti kinathibitisha kwamba siku fulani, mahali fulani, gari lenye chesisi fulani lilitimiza masharti. Vyeti vya zamani hubeba jina la ZABS, shirika la viwango la Zambia. Baada ya sheria ya 2017 kazi ya kusimamia viwango vya lazima ikakabidhiwa wakala mpya, ZCSA. Kenya nayo ina kanuni zake kupitia KEBS, na hukataa magari yaliyozidi miaka 8. Nia ni njema: kuzuia nchi zetu zisigeuzwe jalala.

Lakini angalieni maneno niliyotumia: siku fulani, mahali fulani. Cheti hakisemi lolote kuhusu kilichotokea baada ya siku hiyo. Hakijui dereva aliyelichukua gari bandarini Dar es Salaam akalikimbiza hadi Tunduma. Watanzania wanayaita magari hayo ya IT, na wanajua yanavyoendeshwa. Hakijui kama mtu amebadilisha redio, betri, tairi la akiba au hata injini njiani. Hakijui kama gari limeshamilikiwa na watu watatu Lusaka kabla ya kupakwa rangi na kuuzwa kwako kama limeshuka jana. Na hakuna dhamana ndani yake. Ukimrudia muuzaji na cheti mkononi, atakuambia, kwa haki kabisa, kwamba kazi ya cheti ilikwisha mpakani.

Kwa hiyo faida yake ni nini? Faida yake ni kwamba kina namba, na namba haioni haya. Ukijua kuzisoma, karatasi hiyo ya Kiingereza inaweza kukuokolea fedha hata kama hujui sentensi moja ya Kiingereza. Nitaeleza namba nne.

Namba ya kwanza ni ya chesisi. Isome kwenye cheti, kisha nenda kaitafute kwenye gari lenyewe. Usitosheke na kibati kilichobandikwa, maana kibati huhama. Tafuta ile iliyogongwa kwenye chuma, mara nyingi kwenye ukuta ulio nyuma ya injini au chini ya kiti cha mbele. Linganisha herufi kwa herufi, na pia na kitabu cha usajili, kile ambacho hapa Zambia kila mtu hukiita white book. Herufi moja ikipishana, funga boneti, aga kwa heshima, ondoka. Ukiona chuma kimekwanguliwa au kuchomelewa mahali pale, ondoka hata bila kuaga.

Chesisi pia inataja umri. Kwa mfano, Toyota Vitz ya lita moja ambayo chesisi yake inaanza na SCP10 ni ya kizazi cha kwanza, kilichotoka 1999 hadi 2005. Kizazi kilichofuata, cha 2005 hadi 2010, huanza na KSP90 kwa lita moja na SCP90 kwa lita moja na nukta tatu. Muuzaji akikuambia gari la SCP10 ni la mwaka 2008, hana haja ya kuendelea kuzungumza.

Namba ya pili ni ya kilomita, ambayo nimekwisha kuisimulia kwa machozi. Nyongeza yangu ni hii: mita ya gari lililoendeshwa hadi huku isiwe sawa na ya kwenye cheti, bali iwe imezidi. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni kama kilomita 930, na kutoka Nakonde hadi Lusaka ni nyingine 1,000 hivi. Gari lililopita njia hiyo kwa magurudumu yake lazima liwe na ziada ya karibu 2,000. Likiwa na ziada ndogo, uliza kama lilibebwa juu ya lori. Likiwa na upungufu, hakuna swali la kuuliza.

Namba ya tatu ni mwaka. Kila gari linalotoka Japani huwa na hati ya kufutwa usajili kwa ajili ya kusafirishwa nje. Ndani yake kuna mwezi na mwaka wa usajili wa kwanza, na mara nyingi pia kilomita zilizoandikwa kwenye ukaguzi wa huko. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo chukua mwaka wa Heisei uongeze 1988: Heisei 17 ni 2005, Heisei 20 ni 2008. Enzi ya Reiwa ilianza 2019, nao ndio mwaka wake wa kwanza. Fundi mmoja mtaani au kijana yeyote mwenye simu anaweza kukusaidia kuitambua alama ya enzi. Ukishajua hesabu hiyo, hakuna dalali atakayekuongezea gari miaka mitatu ya ujana.

Namba ya nne ni tarehe ya ukaguzi wenyewe. Kama gari lilikaguliwa Japani mwaka 2014 na leo unaambiwa limeingia juzi, basi kuna miaka mingi ambayo hakuna anayetaka kuizungumzia. Cheti cha namna hiyo si cha uongo, ila kimezeeka. Gari hilo lichukulie kama gari lililotumika Zambia, na bei yake ishuke kwa kiasi hicho.

Baada ya namba, zije karatasi za hapa. Jina kwenye white book liwe la anayekuuzia, au awe na hati ya mauzo kutoka kwa mwenye jina. Hati ya ZRA ya kulipa ushuru iwepo. Zambia hutoza magari yaliyotumika kiasi maalumu kwa kuangalia aina, ukubwa wa injini na umri, kwa hiyo si vigumu kuuliza gari kama hilo lilipaswa kulipiwa kiasi gani. Hili ni muhimu zaidi kwetu watu wa mpakani, kwa sababu yapo magari yanayoingia kama mali ya kupita kwenda Congo, kisha yanaishia vichochoroni bila kulipiwa senti. Siku yakikamatwa, yanakamatwa mikononi mwa aliyenunua. Pia fanya uthibitisho wa polisi wa Interpol, na ubadilishe umiliki RTSA mara moja, wala si "tutaonana wiki ijayo". Na kwa kuwa tangu sheria ya 2016 mtu anaweza kuweka gari rehani na rehani hiyo ikaandikwa kwenye daftari lililoko PACRA, tafuta huko kabla ya kulipa. Gari lenye deni la mtu mwingine ni ng'ombe wa kuazima.

Sasa swali ambalo kila mtu huniuliza: ninunue gari gani? Watu hutaka nitaje jina moja, nami huwa nakataa. Nitataja mambo ya kupima.

Kwanza, nunua gari ambalo fundi wa Kashikishi, Mansa na Pweto amekwisha kulifungua mara mia. Kwa mifuko yetu hiyo ina maana ya Vitz, Corolla, Passo, IST na wenzao. Gari la ajabu huuzwa rahisi kwa sababu kipuri chake ni cha kuagiza. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiona gari linakufuata hadi nyumbani, jiulize kwa nini.

Pili, uliza giaboksi ni ya aina gani. Magari madogo mengi ya Japani ya miaka ya karibuni, kama Honda Fit na Vitz nyingi za kuanzia 2005, yana giaboksi ya CVT inayofanya kazi kwa mkanda wa chuma badala ya meno. Ni nzuri na hula mafuta kidogo, lakini inataka oili yake mahususi. Fundi akiijaza oili ya kawaida ya giaboksi, ameanza kuiua. Liendeshe gari likiwa baridi, kisha likiwa moto. Likitetemeka kama mtu mwenye homa kila linapoanza kuondoka, usikubali kuambiwa kwamba litazoea.

Tatu, uliza kama injini ina mnyororo au mkanda wa taimingi. Vitz, IST na Passo zina mnyororo. Starlet na Corolla nyingi za miaka ya 1990 zina mkanda, ambao hubadilishwa karibu na kila kilomita 100,000. Gari lenye mkanda si baya, ila kama mita ni ya uongo hutajua mkanda umefika wapi. Gharama ya kuubadilisha mara moja unaponunua iingize kwenye bei.

Nne, mfuko wa hewa wa kwenye usukani. Mamilioni ya magari duniani, yakiwamo ya Toyota na Honda ya aina tunazonunua, yaliitwa kurudi viwandani kwa sababu ya mifuko ya kampuni ya Takata, ambayo vilipuzi vyake huharibika kwa joto na unyevunyevu na vinaweza kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Kampuni hiyo ilifilisika 2017, lakini magari bado yanatembea. Na sisi tunaishi wapi kama si kwenye joto na unyevunyevu? Mwombe kijana mwenye intaneti aingize namba ya chesisi kwenye ukurasa wa mtengenezaji aone kama gari lako lilikuwa kwenye orodha na kama lilirekebishwa. Usitarajie cheti cha kufaa barabarani kikujibie swali hili.

Tano, angalia kazi unayotaka lifanye. Kigari cha lita moja si lori. Nimeona Vitz ikitoka Kashikishi na magunia ya chisense hadi juu ya paa, tumbo linakwaruza tuta, na mwenyewe akilalamika kwamba shokabu za Kijapani ni mbovu. Kama shehena yako ni magunia 20, kodi nafasi kwenye lori na ubaki na fedha yako. Gari dogo linafaa kwa mtu na bidhaa nyepesi: vitenge, vipodozi, simu, dawa za dukani, au teksi ya mjini.

Kuhusu fedha, kanuni yangu ni rahisi. Gawa ulichonacho mafungu matatu, na fungu moja usiliguse siku ya kununua. Mwenye kwacha 90,000 atafute gari la 60,000. Zile 30,000 ndizo zitakazolipa fundi wa kukagua, nauli, kubadilisha umiliki, bima na ushuru wa barabara, kisha tairi, betri, oili zote, pedi za breki na bushi za mbele. Anayetumia 90,000 zote kununua gari la 90,000 hana gari. Ana mapambo mbele ya nyumba hadi msimu wa samaki ufunguliwe.

Wapo watakaosema mimi nawakatisha watu tamaa. Watasema, "Maskini hachagui. Gari zuri likionekana leo, kesho limechukuliwa, na fundi wa kukagua anataka fedha." Naielewa hoja hiyo kwa sababu ndiyo iliyonipeleka kwa haraka 2018. Lakini naipindua. Tajiri akinunua gari bovu, hununua jingine. Mwenye akiba moja ya maisha ndiye hasa asiyeweza kumudu haraka. Mia chache za kwacha za kumlipa fundi asiye na undugu na muuzaji ni bima ya bei ndogo kuliko zote. Na muuzaji anayekataa gari lake lisikaguliwe na fundi wako amekwisha kukupa majibu ya ukaguzi.

Kwa ndugu zetu wanaorejea Congo nina neno la ziada, kwa kuwa wengi wamekuwa wakivuka kutoka Mantapala kwenda Pweto tangu urejeaji uanze Desemba 2021. Zambia tunaendesha kushoto na usukani uko kulia. Congo wanaendesha kulia. Ni kweli magari ya usukani wa kulia yamejaa Lubumbashi, lakini kujaa si ruhusa, na anayevuka na gari asidhani kwamba cheti cha Zambia kina nguvu huko. Huko kuna ofisi ya forodha, DGDA, na ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, OCC, kila moja na masharti yake. Kabla ya kulipa hata kwacha moja, mtumeni ndugu aliyeko Pweto akaulize mambo matatu: usukani, umri wa gari, na ushuru. Apate majibu kwa maandishi. Msidhani fomu ya UNHCR ya kurejea kwa hiari inageuza gari kuwa godoro na sufuria, ulizeni. Na anayevuka kufanya biashara na kurudi akate Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima inayotambuliwa Zambia, Congo na hata Tanzania. Ukigonga mtu Pweto ukiwa na bima ya Zambia pekee, utajuta.

Nina ombi pia kwa wakubwa. Vyeti hivi vinatolewa kwa ajili ya kumlinda mnunuzi, lakini mnunuzi wa mwisho huku pembezoni anasoma Kibemba, Kiswahili au Kifaransa. Je, ni kazi kubwa kiasi gani kubandika kwenye milango ya ofisi za RTSA, vituo vya mpakani kama Lunchinda na masoko kama letu, karatasi moja yenye picha ya cheti na mishale minne: hapa chesisi, hapa kilomita, hapa mwaka, hapa tarehe? Na je, kwa nini kilomita za kwenye cheti zisiandikwe kwenye kitabu cha usajili gari linaposajiliwa, na tena kila linapokwenda kupimwa? Wajapani wenyewe hukagua magari yao miaka mitatu baada ya kununuliwa yakiwa mapya, kisha kila baada ya miaka miwili, na kilomita huandikwa. Ndiyo sababu fundi wa Mwense aliweza kuniambia ukweli kutokana na karatasi ya ng'ambo ambao hakuna karatasi ya huku iliyokuwa nao. Kama kilomita zingeandikwa kwenye white book, biashara ya kurudisha mita ingekosa wateja.

Sisi wafanyabiashara nasi tusisubiri wakubwa. Hapa sokoni tumekubaliana watu wachache: mwenzetu akitaka kununua gari, haendi peke yake. Anakwenda na mtu mmoja anayesoma Kiingereza na fundi mmoja, nao wanalipwa nauli na chakula, basi. Wauza magari hawatupendi sana, lakini wameanza kutuonyesha karatasi kabla hatujaziomba.

Nirudi kwa yule mama. Nilipomweleza tofauti ya 131,000 na 96,000 alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo karatasi ilikuwa inasema kweli?" Nikamwambia ndiyo, mama, karatasi ilikuwa inasema kweli. Akaikunja taratibu, akaniomba nimwandikie zile namba nne kwa Kiswahili nyuma ya bahasha. Alimpigia muuzaji palepale. Muuzaji alifoka kwanza, halafu akasema anaweza kupunguza kwacha 8,000. Mama akamjibu kwamba hakumpigia kuomba punguzo, alimpigia kumwaga.

Hadi ninapoandika haya hajanunua gari. Amemtuma mdogo wake Pweto kuuliza habari za usukani na ushuru, na kama majibu ni mabaya anasema atanunua mashine ya kusaga badala yake. Fedha yake ipo, yote. Bahasha bado anayo.

Mwandishi ni mfanyabiashara wa samaki katika soko la Kashikishi, wilayani Nchelenge.